Mikungu 30 Kwenda Mugumu

Mkungu wa ndizi ukichubuka njiani, hasara ni yangu peke yangu. Nanunua kwa wakulima wa Nyamwaga, Tarime, napakia kirikuu, napitia Nyamongo hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Wanaoniuliza serikali inakuzaje uchumi nawasimulia safari hiyo, maana serikali haijanipandia hata mgomba mmoja, ila kazi yake naikuta njiani.

Barabara kwanza. Masika gari likilala kwenye tope, ndizi za chini zinapondeka, na mnunuzi wa Mugumu akishaziona, bei anapanga yeye. Daraja silijengi mimi. Kila kipande kinachotiwa lami nakihesabu kuwa mtaji.

Halafu ushuru. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa hadi asilimia 2, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa kabisa. Mikungu yangu 30, kila mmoja kilo 20 hivi, ni kilo 600. Hata hivyo, kwenye kizuizi kimoja kijana alinisimamisha.

"Mama, lipia mzigo."

"Mwanangu, pima kwanza. Ikizidi tani nalipa."

Mzani hana. Tukakaa saa mbili. Sheria ilinitetea mimi, jua likamtetea yeye. Nikatoa hela, ndizi zisije zikaiva mle mle garini.

Nyamongo huwa nashusha mikungu michache kwa mama ntilie wanaolisha watu wa mgodini. Mgodi huo, North Mara, ni wa kampuni ya Barrick, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Mrabaha wa dhahabu, asilimia 6, unakwenda serikali kuu. Halmashauri inapata ushuru wa huduma, chini ya asilimia moja ya mauzo. Utasema ni chenji, ila hiyo ni chenji ya dhahabu, si ya ndizi. Na katika mapato yake ya ndani, sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 kukopesha vikundi bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hapo ndipo dhahabu inaweza kunifikia mimi nisiyeshika sururu.

Kikundi chetu kimeshaandika maombi ya mkopo huo. Wenzangu wanataka turubai na kreti. Mimi nimeomba tuanze na mzani.