Kipaza Sauti cha Kola: Sababu za Sauti Kukatika Kikaoni

Katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, afisa anayewasilisha bajeti mara nyingi hubanwa kipaza sauti kidogo kisicho na waya kwenye kola ya shati ili mikono yake ibaki huru kufungua kurasa. Tatizo ni kwamba waliokaa nyuma ya hema huweza kusikia nusu ya sentensi, kisha mkwaruzo, kisha kimya. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kufanikisha ushiriki wa wananchi katika shughuli zake, na mkazi hawezi kutoa maoni kuhusu fedha za zahanati ambazo hakusikia zikitajwa.

Kipaza sauti hicho huunganishwa na kisanduku kinachovaliwa kiunoni. Kisanduku hurusha sauti kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilicho kwa fundi wa mitambo. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hufyonza mawimbi hayo. Kipokezi kikiwekwa chini ya meza na umati ukasimama mbele yake, sauti hukatika. Dawa yake haina gharama: antena za kipokezi ziinuliwe juu ya vichwa vya watu. Inashangaza jinsi jambo hili dogo linavyosahaulika.

Sababu nyingine ni masafa. Baada ya Kenya kuzima televisheni ya analogi mwaka 2015, sehemu ya masafa ya televisheni, katika megahezi 700 na 800, ilielekezwa kwa mitandao ya simu. Kifaa cha zamani kinachotumia masafa hayo kinaweza kuingiliwa na simu, hata kama ni kizima kabisa. Vikundi, shule na makanisa yanayonunua mitumba visome kwanza masafa yaliyoandikwa kwenye kifaa kabla ya kulipa.

Kwa anayekivaa, mahali pazuri ni katikati ya kifua, kama shubiri moja chini ya kidevu, mbali na shanga au leso inayoweza kukisugua. Betri mpya ziwekwe kabla ya kikao kuanza. Kizimwe pia msemaji anapotoka kando, maana mazungumzo ya faragha yamewahi kufika kwenye spika.

Lakini kipaza sauti cha kola humhudumia aliyekivaa tu. Swali la mama aliye safu ya mwisho linaweza kusikika hemani na bado lisiingie kwenye rekodi ya sauti ambayo karani hutumia kuandika ripoti. Ndiyo maana kikao kinahitaji pia kipaza sauti cha mkononi cha kuzungushwa kwa wakazi. Kisipokuwepo, afisa alirudie swali lote kabla ya kulijibu, na mkazi anaweza kumwomba afanye hivyo papo hapo, kabla swali linalofuata halijaulizwa.