Sikukuu Isiwe Msiba kwa Mbwa na Mwenye Mbwa

Mwezi wa Desemba unapokaribia, wananchi wa Wilaya za Karatu na Ngorongoro, kama wenzao kote nchini, hujiandaa kwa Krismasi na Mwaka Mpya. Hupigwa ngoma, muziki na honi za magari. Na usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari hulipuliwa fataki na kuchomwa matairi. Hatuna nia ya kumnyima mtu furaha yake. Lakini yupo mmoja katika kila boma ambaye kwake usiku huo ni wa hofu tupu, naye ni mbwa.

Katika wilaya hizo mbwa si pambo. Kwa mkulima wa Karatu ndiye mlinzi wa nyumba; kwa mfugaji wa Ngorongoro ndiye anayebweka fisi anapolinyemelea zizi. Sikio lake husikia sauti ambazo binadamu hawezi kuzisikia. Mlipuko wa ghafla humfanya akate kamba, aruke ua na kukimbilia asikokujua. Huko aweza kugongwa na gari, kumng'ata mtoto anayetaka kumshika, au kukutana na mnyama mwenye kichaa.

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea binadamu, karibu daima huishia kaburini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa watu wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huo nchini kila mwaka. Wanyamapori nao hawakusalimika na maradhi ya mbwa: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliwahusisha mbwa wa vijiji vya jirani.

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza, ya Karatu yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kisiwani Pemba, chanjo ya mbwa ilikwisha kuufuta ugonjwa huu kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, na ikabidi kampeni irudiwe hadi ulipotokomezwa mwaka 2018. Tulijifunza mambo mawili: kwamba kichaa cha mbwa kinashindika, na kwamba bahari si ukuta. Usalama wa Pemba unaanzia Bara.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye mbwa wafanye yaliyo rahisi. Mbwa atembezwe na kulishwa mapema, kabla ya giza. Usiku afungiwe ndani ya chumba au banda lenye maji, wala asifungwe kwa kamba fupi uwanjani. Mtu anayemzoea akae karibu naye. Asipigwe kwa sababu ya kulia, maana kipigo huongeza hofu. Asitupiwe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha, wala asinyweshwe pombe kwa mzaha. Vijana nao wajiepushe na kumrushia mnyama fataki: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikutungwa kwa ajili ya makabati ya ofisini.

Atakayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na sherehe bado inaendelea.

Kwa viongozi tuna neno moja. Kinga ya chanjo huhitaji majuma kadhaa kujijenga mwilini. Chanjo ya mkesha wa Krismasi imekwisha kuchelewa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba. Basi maadhimisho hayo yasiishie kwenye hotuba. Maofisa mifugo wafike hadi kwenye maboma ya mbali, maana mbwa wapatao 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Na vituo vya afya viwe na chanjo ya binadamu kabla ya sikukuu, si baada ya mazishi.

Kinga ni bora kuliko tiba, walisema wahenga. Na kwa ugonjwa huu, dalili zikishaonekana, tiba yenyewe haipo.