Kamera Peke Yake Haimkamati Mwizi

Septemba 2013 magaidi walivamia duka kuu la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67. Mwaka uliofuata Serikali ya Kenya iliipa Safaricom kazi ya kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano na kamera za usalama, kwa gharama iliyokaribia shilingi bilioni 15. Mpango ulikuwa kufunga kamera zipatazo 1,800 Nairobi na Mombasa, kwa vifaa vya kampuni ya Huawei ya China. Baadaye Huawei ilitangaza kwamba mwaka 2015 uhalifu ulipungua kwa asilimia 46 katika maeneo yaliyofikiwa na mtandao huo. Takwimu za polisi wenyewe zilionyesha nafuu ndogo zaidi jijini Nairobi, na kufikia 2017 makosa yaliyoripotiwa yalikuwa yamepanda kupita yale ya kabla ya kamera kufungwa. Uhalifu hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, na 2017 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wenye misukosuko, kwa hiyo takwimu hizo hazithibitishi kwamba kamera zilishindwa. Lakini ile asilimia 46 nayo haithibitishi kwamba zilifaulu. Muuza dawa hawezi kuachiwa yeye peke yake atangaze kama mgonjwa amepona.

Ushahidi usio wa wafanyabiashara upo. Mwaka 2019 Eric Piza na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera hizi. Walikuta kwamba mahali penye kamera uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na mahali pasipo nazo. Nafuu kubwa ilionekana kwenye maegesho ya magari, ilhali kwa makosa ya kutumia nguvu haikuonekana nafuu ya kutajika. Jambo hili lina mantiki. Mwizi wa vioo vya gari hupima kwanza kama ataonekana, lakini mtu aliyepandwa na hasira au aliyelewa hainui macho kutazama nguzo. Mapitio hayohayo yalionyesha kwamba kamera hufaa zaidi pale mtu anapokaa kuzitazama muda wote, na pale zinapoambatana na hatua nyingine za ulinzi.

Mji wa Newark nchini Marekani unatufundisha zaidi. Huko ilidhihirika kwamba mtazamaji akiona tukio, taarifa yake iliingia kwenye foleni moja na simu zote za dharura, na polisi walipofika mhusika alikuwa ameshatokomea. Watafiti wakajaribu kumpa mtazamaji magari ya doria ya kwake, yasiyo na kazi nyingine ila kuitika wito wake. Makosa ya nguvu na fujo za mitaani yakapungua katika maeneo ya majaribio. Kamera hazikubadilishwa, kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na askari wa kufika. Hapo ndipo miji yetu inapokosea hesabu: bajeti inanunua nguzo na vioo, lakini mafuta ya gari la doria yanabaki kuwa tatizo la mkuu wa kituo.

Wapo watakaosema kwamba hata kamera isipozuia tukio, itasaidia kumtia mhalifu hatiani. Ni kweli, na faida hiyo si ndogo. Lakini nayo inahitaji watu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana na kifaa kilichoutoa. Mpelelezi asipofundishwa hilo, picha safi kabisa inaweza kukataliwa mahakamani.

Hoja nyingine, nayo hurudiwa kila mahali, ni kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Kampala inaijibu. Baada ya maandamano ya Novemba 2020, yaliyozuka kufuatia kukamatwa kwa mgombea urais Bobi Wine, polisi wa Uganda walieleza kwamba walizitumia kamera za jiji kuwasaka washukiwa. Kamera zilizoletwa kwa ahadi ya kuzuia mauaji zikatumika katikati ya mvutano wa kisiasa. Tena mashine za kuchambua sura, ambazo huunganishwa na kamera kama hizo, hukosea, na hazikosei kwa usawa. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 ulikuta programu iliyokosea jinsia ya wanawake weusi kwa karibu asilimia 35, wakati kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia moja. Programu za kulinganisha sura ya mpita njia na picha za washukiwa nazo zimeonekana kuwakosea zaidi watu wenye asili ya Afrika. Kwa jiji la Waafrika, kosa la namna hiyo maana yake ni raia asiyehusika kuamkia mahabusu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini sheria hiyo inatoa msamaha kwa masuala ya usalama wa taifa, na mlango huo ni mpana.

Sisemi kamera ziondolewe. Nasema zisinunuliwe gizani, na zishindanishwe na njia nyingine. Huko New York, jaribio la mwaka 2016 la kuweka taa kali katika makazi ya umma lilipunguza makosa makubwa ya usiku nje ya majengo kwa takriban asilimia 36, na taa haihifadhi sura ya mtu. Kwa hiyo, msomaji, mradi wa kamera utakapoletwa mjini kwako, mwulize diwani na mbunge wako nani atazitazama, gari gani litaitika, picha zitafutwa baada ya siku ngapi, na nani asiye polisi wala muuzaji atakayepima matokeo na kuyachapisha. Wakikosa majibu, wasipitishe fedha hizo.