Taifa Stars na Uganda, Desemba 27: Tuutazame Mchezo, Tulinde Maisha na Mfuko

Jumamosi ya tarehe 27 Desemba, 2025, saa 2:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, timu ya Taifa ya Tanzania, Taifa Stars, itashuka dimbani mjini Rabat, Morocco, kupambana na jirani yake Uganda katika michuano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kuanzia Iringa hadi Mbeya, iwe stendi, sokoni, kwenye vijiwe vya bodaboda au shambani, mazungumzo ya wapenzi wa soka yamekwisha kuelekea huko. Wapo wanaohesabu siku, na wapo wanaotafuta mahali pa kutazamia.

Makala hii inawaeleza wakazi wa kata zetu mambo matatu: kwanza, kwa nini mchezo huu umebeba uzito mkubwa kuliko michezo mingine, pili, wajibu wa mwenye ukumbi na wa mtazamaji siku hiyo, na tatu, namna ya kulinda fedha ya familia katika msimu ambao shamba na shule vyote vinaidai.

Ujirani wa miaka mingi

Ushindani wa Tanzania na Uganda haukuanza juzi. Mashindano ya Kombe la Gossage yalianza mwaka 1926 yakiwakutanisha Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Mashindano hayo ndiyo yaliyozaa Kombe la Chalenji la CECAFA tunalolifahamu leo. Hivyo babu zetu walishabikia, baba zetu wakashabikia, na sasa ni zamu yetu.

Katika miaka ya karibuni, kila upande umeonja utamu na uchungu. Tarehe 24 Machi, 2019, Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Mabao hayo yalifungwa na Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Mwaka 2022 Uganda ilijibu: iliitoa Tanzania katika mbio za kufuzu michuano ya CHAN kwa kushinda nyumbani na ugenini. Machi 2023 timu hizo zilikutana mara mbili ndani ya siku chache. Tanzania ilishinda 1-0 mjini Ismailia, Misri, kisha Uganda ikalipa kwa matokeo yale yale Dar es Salaam, kwa bao la dakika za mwisho. Kwa kumbukumbu hizo, hakuna shabiki mwenye busara atakayetangulia kujitangazia ushindi.

Kwa nini pointi hizi ni adimu

Tanzania imepangwa Kundi C pamoja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Itaanza na Nigeria tarehe 23 Desemba mjini Fez, itacheza na Uganda tarehe 27 na kumalizia na Tunisia tarehe 30, michezo yote miwili ya mwisho ikichezwa Rabat.

Kabla ya michuano hii, Tanzania imeshiriki fainali tatu: mwaka 1980 nchini Nigeria, mwaka 2019 nchini Misri, na fainali za 2023 zilizochezwa Ivory Coast mapema mwaka 2024. Katika fainali hizo imecheza michezo tisa, ikatoka sare mitatu na kupoteza sita. Ushindi haujapatikana hata mmoja. Ni miaka 45 ya kusubiri. Mara mbili ushindi ulikaribia kabisa. Mwaka 2019 Taifa Stars iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, lakini ikalala kwa mabao 3-2. Januari 2024 ilitangulia kuifunga Zambia, ambayo ilibaki na wachezaji kumi kabla ya mapumziko. Lakini dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Wakazi wa nyanda hizi, ambao mpaka wa Tunduma ni sehemu ya maisha yao ya biashara, wanaukumbuka usiku ule pamoja na utani wa majirani uliofuata.

Mfumo wa mashindano nao unauongezea uzito mchezo wa Uganda. Timu ni 24 katika makundi sita. Mbili za juu katika kila kundi husonga mbele, na zinaungana na timu nne zilizofanya vizuri zaidi miongoni mwa zile zilizoshika nafasi ya tatu. Maana yake, timu 16 kati ya 24 huvuka, na nafasi ya tatu inaweza kutosha. Nigeria na Tunisia zote zimewahi kulitwaa kombe hili. Tanzania na Uganda hazijawahi, ingawa Uganda ilifika fainali mwaka 1978. Ndiyo maana kwa timu zote mbili za Afrika Mashariki mchezo wa tarehe 27 ndio unaoonekana kuwa mlango wa kupitia. Na ndiyo maana pia kumbi zitafurika.

Wajibu wa mwenye kibanda

Wengi wetu hatutatazama mchezo huu sebuleni. Tutakwenda kwenye vibanda umiza, kwenye migahawa na kwenye kumbi za starehe. Jina la kibanda umiza lina mzaha ndani yake, ila kibanda kisichoandaliwa vema kinaweza kuumiza kwelikweli. Mwenye eneo la maonesho anaombwa kuyazingatia yafuatayo.

La kwanza ni milango. Ukumbi wenye watu wengi na mlango mmoja mwembamba ni mtego. Bao likifungwa watu husimama kwa pamoja. Cheche ikitokea, hukimbilia mahali pamoja. Milango iwe angalau miwili, ifunguke kwa kusukumwa kuelekea nje, na isifungwe kwa kufuli wakati watu wakiwa ndani, hata kama lengo ni kuwadhibiti wanaotaka kuingia bila kulipa. Mabenchi yasiwekwe njiani. Ukumbi ukijaa, umejaa. Kiingilio cha watu kumi wa ziada hakilingani na uhai wa mtu mmoja.

La pili ni umeme. Runinga, king'amuzi, spika, friji na taa zikichomekwa kwenye waya mmoja mwembamba, waya huo hupata joto na kuyeyuka. Nyaya zisipite chini ya mabenchi wala penye maji ya mvua. Kujiunganishia umeme kinyume cha utaratibu ni kosa na ni hatari. Kazi ya kutandaza nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni.

La tatu ni hewa. Nyanda za juu zina baridi hata msimu huu wa mvua, na mvua inaponyesha watu hufunga madirisha. Jiko la mkaa likiletwa ndani kwa ajili ya joto au kuchomea nyama, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na anaweza kupoteza fahamu au maisha akidhani ni usingizi tu. Jenereta hutoa sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo jiko na jenereta vikae nje, mbali na milango na madirisha, na madirisha ya ukumbi yaachwe wazi kiasi. Mtu akionesha dalili hizo, atolewe nje mara moja apate hewa safi na apelekwe kwenye kituo cha afya.

La nne ni radi. Desemba ni mwezi wa ngurumo. Dishi lililofungwa juu ya paa au mlingoti mrefu lifungwe imara, na radi ikianza kupiga karibu, vifaa vichomolewe ukutani. Ni vyema kukosa dakika kumi za mchezo.

La tano ni leseni. Biashara ya kuonesha mpira kwa kiingilio ni biashara kama nyingine, nayo inahitaji leseni. Maombi ya leseni ya biashara hufanyika kupitia mfumo wa TAUSI, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi. Asiyefahamu namna ya kuutumia mfumo huo afike kwa Afisa Biashara au ofisi ya Mtendaji wa Kata aelekezwe. Ni busara kufanya hivyo mapema, kabla ya sikukuu.

Kuhusu sauti, shangwe ni haki ya shabiki, na usingizi ni haki ya jirani, hasa mgonjwa, mzee na mama mwenye kichanga. Kelele na mitetemo husimamiwa na kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Spika zielekezwe ndani, na mchezo ukiisha muziki usigeuke mkesha usio na kibali.

Wajibu wa mtazamaji

Mchezo ukianza saa 2:30, utamalizika takriban saa 4:20 usiku. Hiyo ni saa ya giza, utelezi na ukungu. Wazazi na walezi wapange mapema watoto watazamie wapi na warudi na nani. Ukumbi unaouza pombe si mahali pa mtoto, hata kama timu inayocheza ni ya Taifa.

Madereva wa bodaboda na abiria wao wavae kofia ngumu, wote wawili. Kubeba mishikaki kwa sababu tumeshinda hakupunguzi uzito wa ajali. Wanaoishi kando ya barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya wanafahamu kwamba malori hayalali. Kuingia barabarani kwa furaha, kufunga njia au kukimbiza pikipiki katika miteremko kama ya Kitonga na Mbalizi ni kuitoa roho kwa bao ambalo limekwisha kufungwa. Aliyekunywa asiendeshe.

Mashabiki wa Uganda waliopo miongoni mwetu, wakiwemo wafanyabiashara na madereva wa safari ndefu, ni wageni wetu. Utani wa soka una mipaka yake: unataja mabao, hautaji kabila, dini wala utaifa wa mtu kwa dharau. Palipotokea ugomvi, apigiwe Polisi kwa namba 112. Palipotokea moto, apigiwe Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Namba hizo ziandikwe ukutani zionekane na wote.

Mkeka na mfuko wa mbolea

Suala la mwisho ni la fedha. Mchezo huu unakuja wakati ambao kaya nyingi za nyanda hizi zina mahitaji mawili makubwa. Mahindi yamepandwa na yatahitaji mbolea ya kukuzia. Na Januari shule zinafunguliwa, kukiwa na sare, madaftari na viatu vya kununua. Wakati huo huo vijana, na hata wazazi, watashawishika kuweka dau.

Michezo ya kubahatisha yenye leseni ni halali nchini kwa mtu aliyetimiza miaka 18, chini ya Sheria ya mwaka 2003. Hata hivyo, ni vema kila mmoja aelewe hesabu yake. Tuchukue mfano. Tuseme kampuni inatoa mara 2.7 kwa kila moja ya matokeo matatu: Tanzania ishinde, Uganda ishinde, au iwe sare. Mtu akiweka shilingi 10,000 kwa kila tokeo, ametoa shilingi 30,000. Lazima moja litokee, naye atalipwa shilingi 27,000. Amepatia kwa hakika, na bado amepoteza shilingi 3,000. Katika biashara halisi namba hutofautiana kati ya timu na timu, lakini kanuni ni ile ile: sehemu ya mwenye kampuni imekwisha kukatwa ndani ya bei kabla mpira haujaanza. Na unapounganisha michezo mingi katika mkeka mmoja, makato hayo huzidishana, ingawa ahadi ya malipo huonekana kubwa.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mwepesi. Fedha ya mbolea inunue mbolea kwanza. Mkulima aliyesajiliwa katika mpango wa ruzuku akamilishe ununuzi wake kwa wakala mapema. Sare ya mwanafunzi inunuliwe kabla ya sare ya uwanjani kutabiriwa. Kinachobaki, mtu akitumie kwa kiasi anachoweza kukikosa bila nyumba kutikisika. Anayejiona hawezi kujizuia, au anayekopa ili acheze, azungumze na Afisa Ustawi wa Jamii. Huduma hiyo ipo kwa ajili ya familia kama yake.

Wapinzani leo, wenyeji pamoja kesho

Tarehe 27 Septemba, 2023, Shirikisho la Soka Afrika liliipa Tanzania, Kenya na Uganda heshima ya kuandaa kwa pamoja fainali za mwaka 2027. Mwezi Agosti mwaka huu nchi hizo hizo tatu ziliandaa CHAN, na Taifa Stars ilifika robo fainali. Kwa hiyo jirani tunayeomba afungwe tarehe 27 Desemba ndiye tutakayepokea naye wageni wa bara zima.

Maandalizi ya mwenyeji mwema huanzia kwenye ukumbi wa kata: mlango ulio wazi, waya ulio salama, mgeni aliyeheshimiwa na kijana aliyerudi nyumbani mzima. Wenye kumbi wanaohitaji maelekezo, na wakazi wenye taarifa ya ukumbi wa hatari, wafike katika ofisi ya Mtendaji wa Kata au kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji kabla ya siku ya mchezo. Tunaitakia Taifa Stars ushindi, na tunawatakia wakazi wote sikukuu njema.