Kuhamia Ujerumani kwa Amri ya Jeshi: Cha Kubeba, Cha Kuuza, Cha Kununua Huko

Jeshi la Marekani likimhamishia askari wake Kaiserslautern, Vilseck au Wiesbaden, tiketi za familia, usafirishaji wa vyombo na gari moja hulipiwa na serikali. Ndiyo maana wengi huondoka wakiamini kuhama hakutawagharimu kitu, halafu kufikia mwezi wa tatu akiba imekauka. Fedha huishia kwenye yale ambayo serikali imekuachia uamue mwenyewe, na hayo ndiyo tunayoyapigia hesabu hapa kwa ajili ya askari wazaliwa wa Afrika Mashariki na wenzi wao. Wamo jeshini humo: mpango wa MAVNI, hadi uliposimama mwaka 2016, uliwaandikisha wageni wenye lugha zilizotakiwa, Kiswahili kikiwemo.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni kama familia iende au ibaki. Askari anayekwenda Ujerumani na familia kwa kawaida hupangiwa miezi 36. Anayekwenda peke yake, 24. Wakienda wote, sharti familia iidhinishwe rasmi, na kila mmoja apitiwe afya yake ili ijulikane kama huduma anayohitaji inapatikana huko. Mtoto akishaidhinishwa, shule ya kambi ni bure. Familia inayomfuata baadaye bila idhini hujilipia mengi.

Hadi hapo kwenda wote kunaonekana nafuu. Sasa tazama mshahara wa mwenzi. Tuseme mke ni muuguzi huko Texas. Leseni yake ya Marekani haimwingizi moja kwa moja kwenye hospitali ya Kijerumani: vyeti lazima vitambuliwe kwanza, na Kijerumani chake kifike kiwango cha B2. Hospitali ya kijeshi ya Landstuhl inaitambua leseni hiyo, ila nafasi ni za kugombaniwa. Kama mlikuwa mkiishi kwa mishahara miwili, huo unaokatika ndio gharama kubwa ya uhamisho, na hakuna posho inayoufidia. Rai yangu: kama mkopo wa nyumba, au karo za wadogo zenu kule Kisii, zinategemea mshahara wa mke, pangeni bajeti ya mwaka mzima kwa mshahara mmoja kabla ya kusema twende wote. Ambaye mwenziwe hana kazi ya kudumu, na watoto bado wadogo, aende nao bila kusita.

Tuje kwenye vyombo. Askari wa cheo cha E-5 mwenye familia anaruhusiwa pauni 9,000, karibu kilo 4,080. Wa E-6, pauni 11,000. Ukizidisha, ziada ni juu yako. Unavyoviacha ghalani Marekani serikali hulipia pia, lakini uzito wake unahesabiwa humo humo.

Usijaze uzito huo kwa vyombo vya umeme. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Ujerumani ni volti 230 na hezi 50. Chaja ya simu na ya kompyuta huandikwa 100–240, kwa hiyo adapta ya euro chache inatosha. Friji, mashine ya kufulia, maikrowevu na blenda zitataka transfoma, kitu kizito kama jiwe la kusagia, kinachokula umeme na wala hakibadilishi hezi. Saa ya ukutani ya umeme kutoka Marekani itachelewa, na mota nyingine zitaungua. Viuzeni, au viwekeni ghalani. Mkifika, ulizeni kwanza ofisi ya samani ya kambi, maana hukopesha familia friji, jiko, mashine ya kufulia na kabati za nguo. Kisha tafuteni vya mtumba kwa familia zinazorudi Marekani. Kununua kipya kuwe chaguo la mwisho, na hapo msisahau msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 19. Friji ya euro 714 dukani inakuwa euro 600 ukiwa na fomu ya msamaha. Fomu hiyo huchukuliwa kambini kabla ya kulipa, na duka lina hiari ya kuikataa, basi uliza kabla hujatoa pochi.

Kuna faida nyingine ambayo Mmarekani hana sababu ya kuifikiria. Chombo cha volti 230 na hezi 50 kinafanya kazi Nairobi na Dar es Salaam. Utabadilisha plagi tu. Anayejenga nyumbani anaweza kununua Ujerumani akijua kitatumika tena.

Gari moja linakwenda bure. Lenye mkopo linahitaji barua ya ruhusa ya benki. La pili ni kwa gharama yako, na kwa maoni yangu halistahili: kambini hupatikana magari ya askari wanaoondoka, ambayo tayari yameshakaguliwa kwa kanuni za jeshi huko. Hata hilo la bure lina bili yake ya matairi. Ujerumani, barabara ikiwa na theluji au barafu, tairi lazima liwe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Tangu Oktoba 2024 alama ya M+S peke yake haikubaliki. Faini ni kuanzia euro 60. Tairi nyingi za misimu yote za Marekani zina M+S tu.

Kwenye nyumba ndipo watu hukosea kwa nia njema. Marekani, posho ya BAH ni yako: ukipanga ya bei ya chini, chenji inabaki mfukoni. Ng'ambo kuna OHA, inayolipa pango halisi la kwenye mkataba hadi ukomo wa cheo chako. Ukomo ukiwa euro 1,800, nawe ukapanga ya 1,300, ile 500 huioni. Kwa hiyo kubana pango hakukusaidii kitu. Pa kuokoa ni kwenye posho ya umeme, maji na kupasha nyumba joto, kwa kuwa hutolewa kwa kiwango kimoja kila mwezi, utumie kingi utumie kidogo. Mwombe mwenye nyumba cheti cha nishati, chenye madaraja kutoka A+ hadi H. Kati ya nyumba mbili zilizo ndani ya ukomo, chukua ya daraja B hata kama pango lake ni kubwa kuliko ile ya F.

Amana kisheria haivuki miezi mitatu ya pango lisilo na gharama za joto, na jeshi linaweza kukutangulizia fedha hizo. Dalali hulipwa na aliyemwita. Ndivyo sheria ilivyo tangu 2015. Akiwa ameitwa na mwenye nyumba kisha akakudai mwezi mmoja kama madalali wa Dar, kataa. Na usishangae kukuta nyumba haina makabati ya jikoni wala taa.

Mbwa na paka wana mlolongo wao wa chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti. Tangu 2024 serikali hurudisha hadi dola 2,000 kwa mnyama mmoja kwenye uhamisho wa ng'ambo.

Mwisho ni makaratasi. Mke wa raia wa Marekani anayepelekwa ng'ambo anaweza kuomba uraia bila kusubiri miaka ya kawaida, kwa ada ya zaidi ya dola 700. Mkenya ataendelea na uraia wake wa kuzaliwa, kwa kuwa Katiba ya 2010 inaruhusu. Mtanzania ataupoteza, basi na akae chini na jamaa zake kwanza. Asiyebadili uraia aulizie mapema suala la viza, pasipoti yake ikiwa ya Kenya au Tanzania.

Pasipoti ya kiserikali hutolewa bure kwa raia, lakini ni ya kazi tu, haikupeleki likizo. Ya kawaida ni dola 165 kwa mtu mzima na 135 kwa mtoto chini ya miaka 16, yaani dola 600 kwa wazazi wawili na watoto wawili. Zilipeni kabla ya kuondoka. Kutoka Frankfurt hadi Nairobi ni kama saa nane za ndege, na huenda msipate tena miaka mitatu ya kuwa karibu na nyumbani kiasi hicho.