Kiu ya paka mchanga: Hatari isiyo na kelele msimu wa ukame

MSIMU wa jua kali unapofika Ishiara, katika nyanda za chini za Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, kila mtungi wa maji hupangiwa kazi kabla haujafika nyumbani. Yapo ya kunywa, ya kupikia, ya mbuzi na ya kuku. Mtoto wa paka aliyejilaza chini ya ghala hukumbukwa mwisho, pengine asikumbukwe kabisa. Mbuzi akiona kiu hulia na kuku huzunguka mlangoni, lakini paka mchanga hunyamaza.

Kimya hicho ndicho humponza. Wenye nyumba hudhani kuwa hana haja ya maji, ilhali mwili wake unaendelea kukauka. Siku anapoonekana mnyonge na kukataa chakula, mara nyingi muda wa kumwokoa huwa umebaki mchache.

Hasara yake si ndogo kwa jamii ya wakulima. Wakazi wa sehemu hii hutegemea ndengu, kunde, mtama na mawele, mazao yanayostahimili ukame, nayo huhifadhiwa nyumbani kwa miezi kadhaa. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Anayepoteza mtoto wa paka msimu huu hupoteza mlinzi wa mavuno yajayo, na wengi hulazimika kutumia sumu ya panya, ambayo huhatarisha watoto, kuku na hata paka wa jirani.

Sababu ya paka kutoonyesha kiu inatokana na asili yake. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2007 katika jarida la Science ulibainisha kuwa paka wote wafugwao duniani wametokana na paka-mwitu wa eneo la Mashariki ya Kati, nchi zenye ukame mwingi. Mnyama huyo alizoea kupata maji yake kutoka kwa windo. Karibu thuluthi mbili za mwili wa panya ni maji, kwa hivyo paka anayekamata panya wa kutosha huwa amekula na kunywa kwa wakati mmoja. Aidha, figo za paka zina uwezo mkubwa wa kuhifadhi maji na kutoa mkojo mzito.

Hata hivyo, mtoto wa paka bado hajui kuwinda. Hula anachopewa, na mara nyingi hicho ni ugali uliokauka au omena wakavu. Chakula kikavu kina maji kidogo mno, karibu asilimia 10 katika kile kinachouzwa madukani, ilhali chakula chenye majimaji hukaribia asilimia 80. Figo zake nazo hazijakomaa, na mwili wake ni mdogo kiasi kwamba kuharisha kwa siku moja tu kunaweza kumaliza akiba yote ya maji.

Huduma anayohitaji hutegemea umri wake. Katika wiki nne za kwanza, mtoto wa paka hahitaji kuwekewa maji, kwa kuwa maziwa ya mama yake humtosha. Anayepaswa kuangaliwa wakati huo ni mama. Paka anayenyonyesha huhitaji maji mengi kuliko kawaida, na akikosa, maziwa hupungua. Basi ni muhimu awekewe maji karibu na mahali alipolala na watoto wake, asilazimike kuwaacha kwa muda mrefu akiyatafuta.

Kuanzia wiki ya nne, watoto wanapoanza kuonja chakula, yafaa wawekewe maji kila siku. Watayamwaga, watayakanyaga na kuyachezea, lakini ndivyo wanavyojifunza. Kufikia wiki ya nane hivi, wengi huwa wameacha kunyonya, na hapo ndipo usimamizi wa maji unapohitajika zaidi.

Kosa linalotendeka sana ni kumpa maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi badala ya maji. Picha ya paka akilamba maziwa imezoeleka tangu jadi, lakini tumbo lake halikubaliani nayo. Maziwa hayo yana sukari iitwayo laktosi, na uwezo wa paka wa kuisaga hupungua kadiri anavyoacha kunyonya. Sukari isiyosagwa huvuta maji kuingia matumboni, naye huharisha. Hivyo, maziwa yaliyokusudiwa kumwondolea kiu humkausha zaidi. Kwa yatima aliye chini ya wiki nne, yapo maziwa maalumu ya paka wachanga yanayouzwa katika baadhi ya maduka ya bidhaa za wanyama mijini. Yasipopatikana, ni vyema kumwuliza daktari wa mifugo kuhusu kinachoweza kutumika kwa muda.

Njia rahisi zaidi ya kumnywesha paka ni kuyaficha maji ndani ya chakula. Omena wanaweza kuoshwa ili kuondoa mchanga na chumvi, wakachemshwa, kisha wakapondwa pamoja na mchuzi wao. Mabaki ya nyama au matumbo ya kuku yaliyopikwa yaongezwe vijiko viwili au vitatu vya maji vuguvugu. Mchuzi huo usitiwe chumvi, vitunguu wala vitunguu saumu, kwani vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Ugali uliolowekwa kwa mchuzi unaweza kuongezwa kidogo, lakini usiwe ndio chakula chenyewe, maana paka ni mnyama wa kula nyama.

Chombo cha maji nacho kina umuhimu wake. Kinachofaa ni sahani pana isiyo na kina, nzito kiasi cha kutopinduka. Cha udongo ni bora zaidi, kwani huyaweka maji yakiwa na ubaridi hata adhuhuri. Kiwekwe kivulini, mbali na sahani ya chakula na mbali na mahali anapojisaidia, pia mahali ambapo kuku hawawezi kukichafua. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, na chombo kisuguliwe. Ndoo na mapipa yafunikwe, kwa sababu mtoto wa paka anayeinama kutafuta maji huweza kutumbukia na kufa. Mikebe iliyowahi kubeba dawa ya kunyunyizia mimea isitumiwe kamwe, hata ikioshwa mara ngapi.

Dalili za upungufu wa maji si vigumu kutambua. Kwa kawaida fizi za paka huwa nyororo na zenye unyevu. Zikiwa kavu au zinanata kidoleni, hilo ni onyo. Macho yaliyoingia ndani, uchovu na mkojo kidogo ni ishara nyingine. Wengi huvuta ngozi ya mabega kwa vidole na kutazama kama inarudi upesi. Kipimo hicho husaidia kwa paka wakubwa, lakini kwa mchanga sana hakitegemeki, kwa hivyo heri kuangalia fizi.

Akiwa bado ana nguvu, ahamishiwe mahali penye ubaridi na apewe mchuzi kidogo kidogo. Asiyetaka kulamba anaweza kudondoshewa maji tone moja moja pembeni mwa mdomo, akiwa amelala kifudifudi au amesimama. Asilazwe chali wala kumiminiwa maji kooni, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Ikiwa mwili wake umekuwa baridi, hasa usiku au baada ya mvua, apashwe joto polepole kwanza kabla ya kulishwa chochote, kwa kuwa tumbo lililopoa haliwezi kusaga chakula.

Zipo hali zisizotibika nyumbani. Paka mchanga anayetapika na kuharisha kwa pamoja, anayehema akiwa ameachama, au asiyeweza kusimama, anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda ana minyoo wengi au ugonjwa wa virusi unaoua paka wachanga kwa haraka. Asipewe dawa za binadamu za kutuliza maumivu. Paracetamol, hata kwa kiasi kidogo, huua paka. Na paka anayeshindwa kumeza, anayedondokwa na mate na aliyebadilika tabia asishikwe mdomoni, kwani dalili hizo zaweza kuwa za kichaa cha mbwa. Afisa wa mifugo aarifiwe mara moja, na aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kisha aende hospitalini bila kuchelewa. Chanjo ya ugonjwa huo huweza kutolewa kwa paka kuanzia umri wa miezi mitatu.

Huenda wapo watakaouliza iwapo ni haki kumtengea paka maji wakati binadamu wanayasaka kwa taabu. Hesabu yake ni nyepesi. Mtoto wa paka mwenye uzani wa nusu kilo huhitaji takriban mililita 30 hadi 50 za maji kwa siku, yakiwemo yaliyomo katika chakula chake. Hata akipewa kiasi hicho cha juu kila siku, mtungi mmoja wa lita 20 ungemtosha kwa siku 400. Kiasi hicho hakifiki robo ya kikombe kwa siku, na mara nyingi ni kidogo kuliko kinachomwagika wakati mtungi unaposhushwa kutoka mgongoni mwa punda.