Yadi 16,352 za Geroy Simon

Wapokeaji wa pasi katika futiboli ya Kanada huruhusiwa jambo ambalo wenzao wa Marekani wakilifanya wanaadhibiwa: kuukimbilia mstari wa mchezo kabla mpira haujaanza kuchezwa. Bila kuielewa kanuni hiyo ni vigumu kueleza jinsi Geroy Simon alivyokusanya yadi 16,352 za kupokea pasi, rekodi ya ligi ya CFL ambayo hadi leo haijafikiwa.

Kila timu huwa na watu 12 uwanjani na hupewa majaribio matatu ya kusogeza mpira yadi 10. Marekani ni watu 11 na majaribio manne. Kwa kuwa jaribio la mwisho mara nyingi huishia kwa mpira kupigwa mbali kwa mguu, timu ya Kanada ina majaribio mawili tu ya kutegemea. Kumpa mtu mpira akimbie nao apate yadi mbili tatu hakufui dafu. Inabidi mpira urushwe. Na nafasi ya kuurushia ipo, maana uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa 65, mbali na maeneo ya bao yenye kina cha yadi 20 kila upande.

Simon alicheza zaidi nafasi ya ndani, kati ya mpokeaji wa pembeni kabisa na safu ya mbele, na hapo ndipo mbio zile zinapofanya kazi. Mpokeaji anarudi nyuma hatua kadhaa, kisha anachomoka huku akipima sauti ya mrushaji, ili afike mstarini papo hapo mpira unapopitishwa. Akiuvuka mapema, timu inarudishwa yadi tano. Akichelewa, kasi yake haina faida. Akiipata barabara, beki anayemkaba anakuta mtu ameshashika mbio, naye ndiyo kwanza anageuza nyonga. Ustadi huu hauonekani kwenye takwimu, na kwa maoni yangu ndio unaomtenganisha mpokeaji wa msimu mmoja na yule anayedumu.

Simon alidumu. Ni Mmarekani, mzaliwa wa Johnstown, Pennsylvania, mwaka 1975, aliyesoma Chuo Kikuu cha Maryland. Alianza na Winnipeg Blue Bombers mwaka 1999, akahamia BC Lions ya Vancouver mwaka 2001 na kukaa misimu 12. Hilo si jambo dogo kwa mgeni. Kanuni za ligi hulinda nafasi za Wakanada katika kila kikosi, hivyo Wamarekani hugombea zilizobaki, na kila mwaka vijana wapya huja kuzitafuta.

Mwaka 2006 alidaka pasi 105 zenye yadi 1,856, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na Lions wakatwaa Kombe la Grey, la ubingwa wa ligi. Walilitwaa tena 2011. Mwaka uliofuata aliivuka rekodi ya Milt Stegall ya yadi 15,153. Kisha Lions wakamuuza kwa kubadilishana na Saskatchewan Roughriders, akiwa na miaka 37. Wengi wangeachia hapo. Yeye, Novemba 2013, katika fainali iliyochezwa Regina, nyumbani kwa Roughriders, alifunga mabao mawili dhidi ya Hamilton, akapata kombe la tatu na kustaafu. Mwaka 2017 aliingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya Kanada.

Idadi yake ya pasi 1,029 imeshapitwa na Nik Lewis, lakini yadi bado ni zake. Mwaka 2025 CFL ilitangaza kwamba kuanzia 2027 uwanja utafupishwa hadi yadi 100 na maeneo ya bao hadi yadi 15. Majaribio yatabaki matatu na wachezaji 12. Hata hivyo, naisihi ligi iziweke takwimu za kabla na baada ya 2027 mbalimbali, kwa haki ya Simon na ya vijana watakaomkimbiza.